Mtungi wa Akiba wa Mzamiaji

Mwezi Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai, kutoka katika sehemu iliyobakiwa na hewa ndani ya chombo kilicholala kifudifudi. Kwa wakazi wa Nyashimo, huku Busega kwenye Ghuba ya Speke, msiba ule ulikuwa wa majirani. Wachache, hata hivyo, hujiuliza mzamiaji mwenyewe huvuta nini humo gizani, na itakuwaje kifaa chake kikikwama.

Mzamiaji huvuta hewa ya mtungi kupitia regulata. Mwenye jiko la gesi anaifahamu ndugu yake: kazi yake ni kupunguza nguvu ya kilichomo mtungini. Ila hewa ya mzamiaji hushindiliwa kwa baa 200, takriban mara 100 ya upepo wa gurudumu la gari, na regulata yake haina budi kufuata kina, ili pumzi ije kwa nguvu ileile ya maji yanayombana kifuani.

Mwenye busara hubeba mtungi wa pili, wenye regulata yake. Hapo ndipo uzembe hujipenyeza. Regulata mpya hufungwa kwenye mtungi mkubwa, na ile kuukuu, iliyokwisha kuchoka, hupewa mtungi wa akiba, eti kwa sababu haitumiki. La hasha! Itakapotumika, hakutakuwa na nyingine.

Tazama hesabu. Mtungi wa lita 3 uliojazwa kwa baa 200 hubeba hewa lita 600 hivi. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika nchi kavu atamaliza 60 akiwa mita 20 chini. Basi ana dakika 10. Akishikwa na hofu, nazo zaweza kuwa 5. Regulata inayovujisha hewa kidogokidogo huziiba dakika hizo kabla hajazihitaji. Kwa hiyo mtungi wa akiba uwe na geji yake wenyewe, nayo isomwe kabla ya kila mzamo.

Katika kuchagua, kwa maji yenye tope kama ya ziwani, yafaa ile ambayo hatua yake ya kwanza imezibwa, matope yasiifikie springi. Iwe pia ya aina ambayo vipuri vyake hupatikana na fundi wake yupo. Bei rahisi bila vipuri ni hasara. Namna ya kuifunga mtungini, kwa kibanio au kwa parafujo, ilingane na koki ya mtungi wenyewe.

Wako wazamiaji wanaofungua koki, wakaijaza regulata hewa, kisha wakaifunga tena ili mtungi usijimwage. Ni desturi nzuri, mradi mkono uweze kuifikia koki hiyo bila msaada wa macho, kwani hewa iliyobaki katika bomba haizidi pumzi chache.

Baada ya kazi ioshwe kwa maji safi, hata kama ziwa halina chumvi, kwa kuwa tope na mwani hukaukia ndani. Kifuniko cha hatua ya kwanza kikaushwe na kufungwa kwanza, na kitufe cha kupulizia kisibonyezwe wakati regulata haina hewa, ama sivyo maji yataingia ndani. Pete za mpira zisipakwe mafuta ya kupikia wala grisi ya gari. Fundi anayo ya silikoni. Kwa fundi huyo ipelekwe kila mwaka, au kama mtengenezaji alivyoagiza, hata ikiwa haijalowa tangu mwaka jana, kwani mpira huzeeka kabatini pia.

Mama au baba mwenye kijana katika zimamoto, wanamaji, au hoteli za wazamiaji za Unguja na Mafia, muulize ajapo likizo: regulata ya akiba uliivuta lini, majini, kwa kinywa chako mwenyewe?