Adabu ya Mgeni Katika Madaraja ya Pamukkale

Msafiri aliyejaaliwa kufika Pamukkale, katika jimbo la Denizli nchini Uturuki, huamrishwa kuvua viatu kabla ya kukanyaga yale madaraja meupe yashukayo mlimani kidato kwa kidato, yamejaa maji ya uvuguvugu. Na wageni wasio haba amri hiyo huwakera, wakaihesabu kuwa ni taabu waliyoongezewa juu ya kiingilio walichokwisha kulipa. Hao ndio nitakao kuwanasihi, kwani naamini ghadhabu yao yatokana na kutojua wamesimama juu ya nini.

Maji yale hububujika ardhini yakiwa na joto la nyuzi 35 na zaidi, yamechukua chokaa iliyoyeyuka pamoja na hewa ya ukaa. Yatokapo nje hewa ile hutoweka, na chokaa, isiyoweza tena kubaki majini, hutuama kwenye kingo, kwanza ikiwa laini mithili ya uji ulioganda, kisha taratibu ikawa jiwe. Basi mtu adhaniaye kuwa anakanyaga mwamba uliotimia tangu zama za kale, kwa hakika akanyaga kazi ambayo ingali ikitendeka, na kisigino cha kiatu huivunja kabla haijashika.

Huenda mtu akauliza, mguu wangu mmoja utadhuru nini? Swali hilo limekwisha kujibiwa papo hapo mahali penyewe. Katika karne ya 20 zilijengwa hoteli pale juu, miongoni mwa magofu ya Hierapolis, mji ambao watu wa kale waliuendea kwa ajili ya maji hayo hayo wakitaraji shifaa. Hoteli zikayavuta maji ya chemchemi kujazia mabirika yao, barabara ikapasuliwa katika mteremko, na weupe uliokuwa fahari ya nchi ukachujuka. Hapana mgeni hata mmoja aliyekusudia uharibifu ule, na kila mmoja wao alikuwa na miguu miwili tu. Mwaka 1988 mahali hapo pakaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Baadaye hoteli zikabomolewa, na ile barabara ikafanywa vidimbwi ambamo wageni wa leo hupita miguu mitupu.

Na ukiyakuta baadhi ya madaraja makavu, tafadhali usimlaumu kiongozi wako kuwa amekudanganya. Wasimamizi huyagawa maji kwa zamu, huku leo na kule kesho, kwa sababu daraja lililoloa daima huota utando wa kijani, na lipatalo jua hurudia weupe wake. Ulilonyimwa wewe leo limehifadhiwa kwa ajili ya atakayekuja nyuma yako, naye ana haki sawasawa na yako.

Atamaniye kuogelea na asiende kujitosa katika madaraja: juu kule lipo birika la kale, ambalo chini ya maji yake zimelala nguzo za marumaru zilizoangushwa na tetemeko la ardhi, na humo ndimo mahali pa kuogelea.