Kadi Isiyojulikana Si Kadi Iliyokufa

Imezuka katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hata Nanyuki na Meru, desturi moja ambayo nakusudia kuipinga bila huruma. Kompyuta ya shule ikikataa kuiona kadi yake ya mtandao, watu huitazama kitambo kidogo, hutikisa vichwa, kisha hutoa hukumu: kadi imekufa. Baada ya hukumu hufuata mazishi. Kompyuta hufunikwa gunia na kuwekwa chumba cha nyuma, au hupelekwa kwa fundi wa mjini, naye huuza kadi nyingine. Nasema, msomaji, kwamba mara nyingi hukumu hiyo ni ya uongo, na gharama yake huilipa mzazi wako aliyechuma chai au kahawa ili karo yako ipatikane.

Fikiri intaneti ilivyosafiri hata ikafika kwako. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Mwaka 2013, huko Nanyuki, mradi wa Mawingu ulianza kuipeleka intaneti kwa masafa ya televisheni yasiyotumiwa, ili ifike mashambani ambako waya haukufika. Bahari imevukwa na mlima umefikiwa. Kisha safari yote inakwama ndani ya sanduku la bati, karibu kabisa na mwisho wake, kwa kuwa hapana mtu aliyejisumbua kuuliza ni nani asiyemjua mwenzake.

Maana kadi ya mtandao ina utambulisho wake. Hubeba namba mbili: moja ya mtengenezaji, na moja ya aina ya kadi yenyewe. Kompyuta inapowashwa, kila tundu huulizwa kuna nani, na kadi iliyo hai huitika kwa namba zake. Kadi ya Intel hutaja 8086. Ya Realtek hutaja 10ec. (Usishangae kuona herufi kati ya tarakimu: hesabu hiyo huenda kwa kumi na sita, si kwa kumi. Na 8086 ni jina pia la kichakataji ambacho Intel ilikitoa mwaka 1978.) Mfumo wa uendeshaji ukisha kuzisikia namba hizo, hutafuta draiva inayozifahamu, yaani programu ndogo inayoufundisha kusema na kadi ile. Isipopatikana, mtandao hautokei. Mgeni amebisha hodi na jina amelitaja, ila mwenye nyumba hana mkalimani. Je, mgeni huyo ni maiti?

Basi sikiliza mlangoni kwanza. Katika Windows, fungua orodha ya vifaa. Alama ya manjano kando ya kifaa kisicho na jina, ambayo wengi huiogopa, ni dalili ya uhai. Bofya kifaa hicho, tazama maelezo yake, nawe utaziona namba. Katika Linux, andika lspci -nn kwenye dirisha la amri. Namba zikionekana, kadi imeitika, na shilingi isitoke mfukoni bado; anza kwa kutafuta draiva. Jambo hili hutokea hasa mfumo unapokuwa mzee kuliko kadi. Windows 7 ilitolewa mwaka 2009, na Microsoft ikaacha kuihudumia Januari 2020. Diski yake ya kwanza itazijuaje kadi zilizobuniwa miaka mingi baada yake?

Utasema kwamba draiva iko kwenye intaneti, na intaneti ndiyo inayokosekana. Kweli, lakini simu iliyounganishwa kwa waya wa USB yaweza kuikopesha kompyuta mtandao wake, na flashi yaweza kuleta draiva kutoka mashine ya jirani.

Namba zisipoonekana kabisa, hapo tafuta kasoro katika mwili. Kata umeme, chomoa kadi, pangusa vumbi, sugua meno yake polepole kwa kifutio cha penseli, irudishe, au ijaribu katika tundu jingine. Kama imejengwa ndani ya ubao mkuu, ingia katika mipangilio ya bayosi uone kama haikuzimwa. Ikiendelea kunyamaza baada ya hayo yote, nami nitakubali kuchimba kaburi. Radi za mvua ya Machi hadi Mei huweza kupita katika waya mrefu zikaiunguza. Sibishi kwamba kadi hufa. Nabishana na wanaozika bila kupima.

Wapo wanaonijibu kuwa kadi mpya ni rahisi, na muda wa mwalimu ni ghali. Hoja hii ni dhaifu. Kadi mpya nayo huja na namba zake, nayo hudai draiva. Mfumo usipoijua, umenunua maiti wa pili. Tena kompyuta za shule mara nyingi hununuliwa pamoja na huwa za aina moja, hata ugonjwa wa moja ukawa wa zote. Draiva moja katika flashi moja yaweza kuziponya zote ishirini, lakini kadi mpya lazima zinunuliwe ishirini. Mkulima wa Othaya akiona jani la kahawa lina madoa ya manjano, huligeuza atazame kama lina kutu, hakimbilii shoka. Mwanawe, katika maabara ya kompyuta, anafundishwa kukimbilia shoka.

Hata hivyo hao si wabaya kuliko wale wanaofunga mlango wa maabara wakisema wanafunzi wasiguse. Mwanafunzi wao ataeleza kadi ya mtandao katika mtihani kwa sentensi nzuri, na ukimpa sanduku lililo wazi hataweza kuionyesha kwa kidole.

Kwa hiyo omba ruhusa juma hili. Mwalimu akiwa kando yako, washa ile kompyuta iliyofunikwa gunia, uitafute kadi, uandike namba zake daftarini. Zikionekana, mpelekee mwalimu mkuu daftari hilo kabla hajatia sahihi karatasi ya kununua nyingine.