Ngazi Ndizo Zinazowafanya Wachache

Bajeti za kaunti zinapojadiliwa Meru na Embu, dai moja hurudi kila mara: watu wenye ulemavu ni wachache mno, kwa hiyo rampu, choo kipana na mkalimani wa lugha ya ishara vingoje barabara na maji. Ushahidi wake ni wa macho tu. Ofisini hawaonekani.

Kwa Embu dai hili linaanguka kwa hesabu yenyewe. Sensa ya 2019 ilipata kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Embu ilipata asilimia 4.4, kiwango cha juu kuliko kaunti yoyote nchini. Hao ni zaidi ya watu 20,000, na hawajumuishi mzee ambaye magoti yanamsumbua kidogo, kwani waliohesabiwa ni wenye ugumu mkubwa au wasioweza kabisa.

Wako wapi basi? Miji ya Meru na Embu imekaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na majengo mengi yameinuliwa kuepuka maji ya mvua. Mtu huvuka mtaro kwanza, kisha anakutana na ngazi. Vidato vitatu vya sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, na anayetembea hata havioni. Ili mwenye kiti cha magurudumu apande mwenyewe, rampu huhitaji urefu wa mara 12 ya kimo hicho, yaani mita 5.4. Ile ya mita mbili, iliyomwagwa saruji siku za mwisho za ujenzi, humrudisha nyuma au kumpindua. Hubaki kubebwa mgongoni, mbele ya foleni nzima. Mtu mzima akibebwa hivyo mara moja, safari ya pili humtuma ndugu yake, na daftari la wageni huandika jina la ndugu. Uchache unaotajwa kwenye bajeti hutengenezwa hapo mlangoni.

Kiziwi naye huukuta mlango wazi, lakini ndani namba za foleni huitwa kwa sauti. Meru imesomesha wasioona katika shule ya St. Lucy's, Igoji, na viziwi huko Kaaga. Aliyehitimu huko akialikwa kutoa maoni katika kikao kisicho na mkalimani wala waraka wa Breli, ameitwa kukaa kimya, na hilo ni dharau.

Kisingizio cha gharama nacho ni chepesi. Kuteremsha meza ya huduma hadi ghorofa ya chini hakuhitaji zabuni, na mlango mpana ni suala la fundi kupima vizuri kabla ya kujenga. Kinachogharimu ni kubomoa baadaye.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataja kufikia mahali pote kuwa haki, wala si msaada. Serikali za kaunti zilianza kazi 2013, miaka mitatu baadaye. Kila zahanati na ofisi ya wadi ziliyoijenga tangu hapo kwa ngazi tupu ilijengwa Katiba hiyo ikiwa tayari mezani.