Mbele ya kutia mukono, ulizeni juu ya miguu

Bandugu ba mugodi, na ninyi mama mulio nyumbani. Kazi yetu inavunja migongo, hilo hakuna wa kutufundisha. Mwenzetu jiwe limemuangukia, mugongo umepona vibaya, umepinda. Kwa mwingine ni mutoto anayekomaa na mugongo kombo. Munganga anasema: tutapasua, tutanyoosha. Munapewa karatasi ya kutia mukono.

Hatusemi mukatae. Tunasema muulize. Katikati ya mifupa ya mugongo munapita kamba ya neva, ile inayopeleka amri ya ubongo mpaka ku miguu. Ukinyoosha mugongo, kamba nayo inavutwa. Skurubu ikiingia vibaya inaweza kuigusa. Tansiyo ikishuka sana, neva inakosa damu. Haifiki kila siku, lakini ikifika, mutu aliyeingia na miguu yake anatoka ku kiti cha magurudumu.

Basi: «Docta, katikati ya operasyo mutajua namna gani kama miguu ingali inaishi?»

Kuko mashini. Inatuma umeme kidogo ku muguu na kuusoma ku kichwa, ao kutoka ku kichwa mpaka ku misuli ya muguu. Alama ikipunguka, wanasimama, wanapandisha tansiyo, wanalegeza chuma ao kutoa skurubu. Munganga wa kulalisha naye achague dawa muzuri, maana zingine zinazima zile alama.

Mashini iko bei kali. Lakini musitosheke na jibu la «hatuna mashini». Mwaka 1973, Stagnara na wenzake, waganga wa Ufaransa, waliandika njia isiyoomba mashini hata moja. Wakiisha kunyoosha, wanapunguza usingizi, wanamuita mugonjwa: finya mukono wangu, sasa cheza vidole vya miguu. Mikono ikicheza na miguu ikinyamaza, wanalegeza palepale. Mashini inachunga saa zote, hii inaonyesha dakika ile tu. Hata hivyo inapita kungojea mpaka mugonjwa aamuke kesho yake. Lazima aelezwe mbele, asiogope.

Code du travail ya 2002 inasema mwajiri analipa matunzo ya mufanyakazi, bibi na batoto, operasyo ndani. Ni haki, si zawadi. Lakini kampuni inatafuta hopitali ya bei chini, na delege wetu anaitika bila kuuliza. Ku convention collective inayokuja, iandikwe wazi: mugongo upasuliwe paka pale wanapochunga neva. Wenye kungojea operasyo, pelekeni karatasi ya munganga kwa delege mbele ya tarehe kufika.