Nani Aliwaambia Shule Lazima Iwe na Tarakilishi za Aina Moja?

Kuna wimbo unaoimbwa katika ofisi za walimu wakuu humu nchini, na waimbaji ni wauzaji: "Mtandao wenu unasumbua kwa sababu mmechanganya mitambo. Tupeni yote, nunueni aina moja." Kisha inatolewa karatasi ya bei yenye sufuri nyingi, halmashauri ya shule inakutana, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo anaongezewa mzigo mwingine. Mimi nasema huo ni uongo. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipofikisha mwisho utunzaji wa kawaida wa Windows 10, uongo huo umeota mbawa.

Hebu tuitazame maabara ya kawaida ya shule ya upili. Kuna tarakilishi za msaada, kuna za mitumba zilizotoka Ulaya, kuna mbili tatu mpya zilizonunuliwa mwaka ule fedha zilipopatikana, na kila mwalimu ana kipakatalishi chake. Shule za msingi nazo bado zina vishikwambi vya mradi wa serikali vilivyoanza kusambazwa 2016. Mchanganyiko huu haukuletwa na uzembe wa mtu. Ndivyo shule zetu zinavyopata vifaa, kidogo kidogo, na hata ukinunua vya aina moja leo, baada ya miaka minne utakuwa umechanganya tena.

Isitoshe, hiyo "aina moja" yenyewe ni jina tu. Windows XP inajua kugawana faili kwa itifaki ya SMB1 peke yake. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa kupitia udhaifu wa SMB1, na mwaka huo huo Windows 10 toleo la 1709 ikaanza kuja bila itifaki hiyo katika usakinishaji mpya. Matokeo yake? Tarakilishi mbili za kampuni moja, kwenye meza moja, hazionani. Mashine ya fotokopi ya zamani iliyokuwa ikituma kurasa kwenye folda ya karani inanyamaza. Fundi anakuja, anatikisa kichwa, anasema mtandao umekufa. Mtandao haujafa, bwana! Washiriki wawili hawana lugha ya pamoja, na hakuna Linux wala Mac hata moja chumbani ya kulaumiwa.

Halafu kuna mchezo wa Windows Home. Nimeona shule ikiuziwa vipakatalishi vipya vinavyong'aa, vyote vya aina moja kama ilivyoahidiwa, vyote vikiwa na toleo la Home. Toleo hilo haliwezi kujiunga na Active Directory, yaani ile saraka moja inayomtambua mwanafunzi kwenye mashine yoyote atakayoikalia. Kwa hiyo shule imelipa, na mwalimu wa maabara anaendelea kuunda akaunti mashine kwa mashine kwa mkono. Muuzaji alijua. Kama hakujua, basi ni vibaya zaidi.

Ugonjwa mwingine unaosingiziwa mchanganyiko ni saa. Saraka ya aina hiyo hutumia Kerberos, ambayo kwa kawaida hukataa kumpokea mtu ikiwa saa ya mashine yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Sasa fikiria tarakilishi ya mitumba ambayo betri yake ya duara, ile CR2032 anayouza hata fundi wa saa, imekufa. Umeme ukipotea, ikiwaka inarudi miaka ya nyuma. Mwanafunzi anaandika nenosiri sahihi na anakataliwa. Akifungua tovuti salama, kivinjari kinamwambia cheti si halali. Na penye Windows na Linux kwenye mashine moja, Linux huhifadhi saa ya ubao kwa saa ya dunia na Windows huisoma kama saa ya hapa, basi Windows inaamka ikiwa nyuma kwa saa 3 kamili. (Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili.) Dawa ni betri, seva ya ndani inayogawa saa kwa wote, na mstari mmoja wa mipangilio kwenye Linux. Hiyo si sababu ya kutupa mashine 30.

Na nyinyi ndugu zangu wa programu huria, msicheke. Wengi wenu mnakwenda shuleni Jumamosi na flashi, mnaweka Ubuntu kwenye mashine 20, mnapiga picha, mnaondoka. Jumatatu mwalimu anakuta kila mashine na akaunti yake, printa haitambuliki, na fomu ya matokeo iliyopangwa kwa fonti ya Calibri imemwagika hadi ukurasa wa pili kwa sababu hamkuweka Carlito, yenye vipimo vile vile. Faili ya Form2 na ya form2 zinakaa pamoja kwenye Linux bila ugomvi, zikipelekwa Windows zinagongana. Mmeacha kazi nusu, kisha mnashangaa Linux inaitwa ya wahuni.

Kazi kamili inaanzia kwenye seva. Samba, aliyoianzisha Andrew Tridgell mwaka 1992, inaweza kusimamia Active Directory tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012. Mtambo wa kawaida wenye kumbukumbu ya GB 8 na diski mbili zinazonakiliana unatosha kuwatambua wanafunzi wote, wakae kwenye Windows Pro au Linux, na folda zao ziwafuate. Zima SMB1, na XP iliyobaki ing'olewe mtandaoni. Hapo sina huruma.

Nakubali kuna mahali Windows haikwepeki. LibreOffice Base haitengenezi faili za Access, na mwalimu aliyefundisha hifadhidata kwa Access miaka yote hapaswi kugeuzwa wiki mbili kabla ya mtihani wa vitendo wa KCSE. Mwachie mashine zake. Lakini mashine ya kuandikia insha na kufungulia kivinjari, isiyo na TPM 2.0 wala kichakataji kinachokubaliwa na Windows 11, haijawa takataka. Iwekee diski ya SSD na Linux, ijiunge na saraka ile ile. Hata Microsoft ilitangaza kuziuzia taasisi za elimu masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu. Je, hilo liliandikwa kwenye karatasi ya bei mliyoletewa?

Basi mwalimu mkuu, kabla hujatia sahihi, muulize muuzaji: ni toleo gani la Windows, Home au Pro? Mitambo yenu ya sasa itajiungaje na hii mipya? Na nenosiri la msimamizi wa seva, mkataba ukiisha, litabaki kwa nani?