Mawe ya Mbale Yafaa Kusomwa na Sisi Wenyewe

Wako wenzangu hapa shuleni wasemao kwamba elimu ya mawe yaangukayo kutoka mbinguni haina faida, kwani haimpatii mtu kazi wala haiongezi mavuno shambani. Mimi sikubaliani nao, na naomba nafasi kidogo nieleze sababu zangu.

Tarehe 14 Agosti 1992, wakati wa alasiri, mamia ya mawe yalianguka Mbale, katika nchi yetu hii ya Uganda. Kubwa kuliko yote lilikuwa na uzito wa kilo 27 hivi. Kijiwe kimoja, kisichofika gramu 4, kilipita katika migomba kikampiga mtoto kichwani bila kumdhuru. Habari ya mtoto huyo yajulikana na wengi. Lakini ni wangapi wajuao kwamba wataalamu waliyapa mawe hayo alama ya L5/6? Na tarakimu hizo ndizo zenye hadithi, kwani zatuambia jiwe lilichomwa kiasi gani kabla ya kutufikia.

Mpango wa tarakimu hizo uliwekwa mwaka 1967 na Van Schmus na Wood. Namba 3 hupewa jiwe ambalo joto halikuligusa sana, na namba 6 hupewa lililochomwa barabara. Ukikata kipande chembamba cha jiwe la namba 3 ukakitazama kwa hadubini, waona vijipunje vya mviringo viitwavyo kondruli. Zamani vilikuwa matone ya mwamba ulioyeyuka, na kingo zake zingali safi. Katika jiwe la namba 6 kingo hizo zimefifia, kioo kilichokuwamo kimegeuka fuwele, na madini yamekuwa ya namna moja kila mahali. Jiwe lenyewe halikuyeyuka. Lilikaa tu katika joto la digrii 800 za Selsiasi au zaidi, muda mrefu sana, hata likabadilika.

Moto huo ulitoka wapi? Miaka milioni 4,560 hivi iliyopita, sayari ndogo zilipokuwa zikijijenga, ndani ya mavumbi yake mlikuwa na alumini ya namna ya pekee, iitwayo alumini-26. Hiyo haidumu. Katika kila miaka 700,000 hivi nusu yake hugeuka kuwa magnesiamu, na katika kugeuka hutoa joto. Harold Urey aliutoa wazo huo mwaka 1955, na katika miaka ya 1970 alama za alumini hiyo zilionekana katika kimondo cha Allende, kilichoanguka Meksiko mwaka 1969.

Kila aliyepata kuchoma matofali ataelewa yaliyofuata. Tanuri dogo hupoa upesi, bali kubwa hutunza joto lake. Matofali ya ndani huiva yakalia kama kengele, na ya nje hubaki mabichi, mvua ikinyesha yakamomonyoka. Sayari ndogo nazo zilikuwa hivyo, ila moto wake ulikuwa ndani ya kila tofali. Mawe ya katikati yakawa namba 6, na ya karibu na uso yakabaki namba 3.

Mwaka 2010 chombo cha Wajapani kiitwacho Hayabusa kilirudi na punje za Itokawa, sayari ndogo yenye urefu wa nusu kilometa tu. Punje nyingi zilionekana kuwa zilipata kuchomwa kwa joto la digrii 800 hivi. Kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kutunza joto kama hilo. Basi hapana budi Itokawa imetokana na vipande vya sayari kubwa zaidi, iliyovunjika zamani. Hakuna aliyeiona ikivunjika, lakini punje zake zimetoa ushahidi.

Faida ninayoitetea ni hiyo. Aliyezoea kutambua moto kwa kutazama tofali ataweza kutambua ugonjwa kwa kutazama dalili, na udongo kwa kutazama jani la mhindi. Kufikiri ni kule kule. Tena elimu hii haiko mbali nasi. Mawe ya Mbale yalichunguzwa na wataalamu wa Uholanzi pamoja na wa Makerere. Jiwe lilianguka kwetu, na watu wetu walikuwamo katika kulisoma. Kwa nini sisi tulioko madarasani tuone kwamba ni kazi ya wageni?

Nathubutu kutoa shauri. Kila shule ifundishe mambo machache. Jiwe jeusi likianguka kutoka mbinguni, lisioshwe, kwani lina chuma na maji hulitia kutu. Lisitiwe motoni, kwani moto wa jikoni waweza kuharibu maandishi ya moto wa kale. Lisipondwe. Saa na mahali liliposhukia yaandikwe siku ile ile, na mwalimu aarifiwe.

Wenzetu mliomaliza shule, ninyi mlioko vijijini na maofisini, twawaomba mlichukue shauri hili mpaka kwenu. Mawe hayatoi taarifa kabla ya kuanguka, na likiangukia mahali pasipo na mtu mwenye habari, litakuwa jiwe la kunolea visu. Anayepinga na aandike, nasi tutamsoma.