Gridi Haijui Kusubiri

Nianze kwa kukiri. Miaka michache iliyopita nilirekodi kikundi cha taarab mjini Unguja: fidla mbili, kanuni, udi, akodiani, dumbaki na mwimbaji, wote chumba kimoja, kila mmoja na maiki yake. Wimbo ukapigwa mara tano, tukapata teki tano. Usiku nikakaa kwenye kompyuta, nikaokota vipande vizuri vya kila teki, kisha nikabonyeza kitufe cha kunyoosha mapigo. Kufikia alfajiri dumbaki ilikuwa imenyooka kama rula.

Mzee wa fidla alipokuja, alivaa hedifoni akasikiliza kimya mpaka mwisho. Akazivua, akasema: "Mwanangu, mikono ni yangu. Lakini hapa nilikuwa namsubiri mwimbaji avute pumzi. Mbona sijisikii nikimsubiri?"

Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na maprodyuza wenzangu hawatalipenda: mara nyingi hatunyooshi muziki kwa sababu umepinda. Tunaunyoosha kwa sababu tumeikuta programu imepangwa hivyo.

Fungua mradi mpya kwenye Logic Pro. Hujapiga hata noti moja, tayari umepewa mapigo 120 kwa dakika na mizani ya nne kwa nne. Sogeza kipande cha sauti, nacho kinavutwa kwenye mstari wa gridi. Mipangilio hiyo ina msimamo wake: pigo lililochelewa ni kosa. Lakini katika taarab kuchelewa huko aghalabu ndiyo adabu yenyewe. Mpigaji anampisha mwimbaji amalize neno lake.

Kama hujali adabu, basi jali fizikia. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Dumbaki iliyo mita tatu na nusu kutoka maiki ya fidla inaingia humo pia, imechelewa kama milisekunde 10. Ukinyoosha traki ya dumbaki peke yake, ile iliyovujia kwenye maiki ya fidla inabaki palepale. Utasikia dumbaki mbili zikigombana, halafu utalaumu chumba.

Dawa imo kwenye programu hiyohiyo. Zima uvutaji wa gridi kabla ya kurekodi. Ziweke traki zote za chumba katika kundi moja la uhariri, ukikata moja zikatike zote, na ukichagua teki ya tatu iwe ya tatu kwa kila chombo. Kisha tafuta teki moja nzima yenye uhai, na nyingine zikupe viraka tu, pale palipochanika.

Nitaambiwa natukuza ya kale. Siyo. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, aliyekosea hakuwa na njia ila kuanza upya; siitamani enzi hiyo. Wala kuunganisha teki si dhambi. Mwaka 1966 John Lennon alipenda mwanzo wa teki moja ya "Strawberry Fields Forever" na mwisho wa nyingine, na kasi zake hazikulingana. George Martin na Geoff Emerick wakabadilisha kasi ya utepe mpaka zikashikana. Masikio yao ndiyo yaliyoamua. Na singeli, iliyozaliwa ndani ya kompyuta, gridi ni nyumbani kwake. Sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na ule msemo wetu wa studio, "tutarekebisha baadaye", unaotamkwa kabla hatujajua nini kimeharibika, na nani kaamua kwamba kimeharibika.

Nilirudi kwenye teki ya nne. Nikaiacha nzima, isipokuwa ubeti mmoja nilioutoa kwenye ya pili, kwa vyombo vyote. Mzee alisikiliza tena. Ilipofika ile pumzi, aliinua kidole, akasubiri pamoja nayo.